Toroli Moja, Nyumba Tatu

Fundi amesimama upande mmoja wa jukwaa, saidia wake upande wa pili. Kati yao umelala mpira mwembamba wa kuonyesha, umejaa maji. Wanatafuta levo, yaani usawa, wa linta, ile boriti ya zege inayopita juu ya milango na madirisha.

"Sawa?" anauliza fundi.

Saidia anachungulia mpira wake. "Sawa, mangi!"

Mwenye nyumba, mama wa makamo aliyekuja saiti na viatu vya kanisani, anaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa kila kitu. Ukumbi mzima unasubiri kinachofuata. Isipokuwa viti vya nyuma kabisa, ambako kundi la wanaume tayari limeanza kucheka hadi kushikana mabega.

Walikuwa mafundi. Walikuwa wameona kwamba saidia hakuondoa kidole gumba kwenye mdomo wa mpira.

Kicheko hicho kimenisumbua kwa wiki kadhaa sasa. Mchezo wenyewe, wa kikundi cha vijana katika ukumbi wa kanisa hapa Moshi, ulifuata njia tunayoijua wote: fundi anakula advansi, anapotea, anarudi na kisingizio. Watu waliangua kicheko kila aliposema "kesho asubuhi na mapema, bosi." Hicho ni kicheko cha wenye nyumba. Cha mafundi kilikuja mahali pengine kabisa, tena kabla ya neno lolote la kuchekesha kutamkwa.

Na sijui hadi leo kama kile kidole kiliwekwa pale makusudi.

Kidole gumba

Kwa ambao hawajawahi kuushika, mpira wa levo ni kifaa rahisi na cha haki kuliko vyote saiti. Mita 10 hadi 15 za mpira unaoonyesha zinatosha nyumba ya kawaida. Maji yakitulia, uso wake upande huu na uso wake upande ule viko kimo kimoja, hata kama kati yake kuna ukuta, shimo na rundo la mchanga. Haubembelezwi, hauhitaji betri.

Lakini una masharti yake. Unajazwa kwa upande mmoja tu, polepole, kutoka kwenye ndoo iliyoinuliwa, ili hewa itokee upande mwingine. Povu moja la hewa likibaki tumboni, kipimo kinadanganya. Kabla ya kuanza, ncha mbili zinawekwa pamoja bega kwa bega kuona kama maji yanalingana. Wakati wa kutembea kila mtu anaziba ncha yake kwa kidole gumba yasimwagike. Wakifika, wote wawili wanaachia. Wote wawili. Ncha moja ikibaki imezibwa, hewa haipiti, maji yanagoma kushuka au kupanda, na alama inayopigwa ukutani inaweza kukosea kwa inchi kadhaa huku kila mtu akiapa kwamba amepima.

Kwa hiyo mafundi wa viti vya nyuma hawakucheka saidia mjinga. Walikuwa wameshaiona nyumba ikiisha. Walijua linta italala upande, na kwamba mlango utagoma.

Mlango haukugoma. Tukio la tatu mwenye nyumba aliufungua na kuufunga bila shida yoyote, na mchezo ukaendelea na mambo ya simu na uongo. Nikaanza kuhisi waandishi hawakujua walichokuwa wamekishika mkononi.

Kosa husafiri

Ujenzi umejipanga wenyewe kama komedi, kwa mfuatano usiogeuzwa: msingi, jamvi la sakafu, kuta, linta, kenchi za paa, bati, plasta, rangi. Kosa la chini halifi. Linapanda ghorofa hadi ghorofa ya kazi, na kila anayelikuta analificha badala ya kulitoa.

Chukua hiyo linta iliyopotoka inchi 3. Mwashi anayefuata anaona kozi ya juu, yaani mstari wa tofali, haikai sawa, anafidia kwa udongo wa saruji. Mahali pa kiungo cha nusu inchi kati ya tofali na tofali anaweka inchi 2 za saruji na mchanga, anapitisha mwiko, anasonga mbele. Fundi wa kenchi akija anakuta upande mmoja uko chini, anasukumia vipande vya mbao. Wa bati anaanza kupiga kutoka pembeni, na kila bati likifuata jirani yake, mstari wa chini unaanza kupiga ngazi. Fundi wa milango ndiye wa mwisho kufika na wa kwanza kutukanwa: fremu yake imenyooka, tundu alilopewa halikunyooka, na mlango unakwaruza sakafu.

Watu wanne, hakuna aliyedanganya kwa mdomo hata mara moja. Hiyo ndiyo komedi. Uongo wa simu ni kachumbari tu.

Jukwaani haihitaji gharama. Tengenezeni fremu mbili za mbao laini za inchi mbili kwa mbili. Ya kwanza imenyooka, ya pili kona yake ya juu imeshushwa inchi 3. Ubao wa mlango uwe mmoja, umekatwa kwa pembe mraba, bawaba mbili. Wakati wa giza kati ya matukio, fremu ya kwanza inatolewa, ya pili inaingia. Mlango ule ule uliofunguka vizuri sasa unakwama, na mwigizaji hahitaji kuigiza kukwama. Na maji ya mpira yatiwe rangi nyekundu, mtu wa kiti cha nyuma aone yanapoishia. Bila rangi, waliojua tu ndio watakaoona, na mwenye nyumba aliyeko ukumbini atabaki nje ya utani unaomhusu yeye.

Mfuko wa maranda

Kuna jambo lingine lililonikera, dogo. Mwigizaji aliunyanyua mfuko wa saruji kwa mkono mmoja.

Mfuko wa saruji una kilo 50. Mtu anauinamia kwa magoti, anaukumbatia, anautupia begani au juu ya mgongo, na hatua zake za kwanza huwa fupi. Tofali ya inchi 6 yenye urefu wa inchi 18 na kimo cha inchi 9, ikiwa imejaa bila matundu, inakaribia kilo 30, haipeperushwi. Vikundi vinajaza mfuko kwa maranda ya seremala, na sawa, maana saruji halisi haifai jukwaani: vumbi lake linaingia machoni, na ikilowa inachubua ngozi. Ila changanyeni maranda na mchanga hadi mfuko uwe na uzito wa kumfanya mwigizaji ahesabu kabla ya kuinua. Mwili ukidanganya, mafundi hawacheki tena, wanaangalia saa.

Zege nalo lina kipimo chake, na kipimo hicho kina utani ndani yake. Mchanganyiko wa moja kwa mbili kwa nne, unaotumika sana kwa linta za nyumba zetu, maana yake ni hii: mfuko mmoja wa saruji una ujazo wa karibu lita 35. Kwa hiyo mchanga lita 70, yaani ndoo tatu na nusu za lita 20, na kokoto lita 140, ndoo saba. Maji lita 25 hadi 30, si zaidi. Vikavu vinageuzwa kwa koleo hadi rangi iwe moja kote, ndipo maji yaingie.

Sasa mtazame fundi wa kweli mwenye haraka. Ndoo za mchanga anazijaza zifanye kilima, za kokoto anazipunguza kwa sababu kokoto ni nzito kwa saidia, na maji anamimina kwa kukadiria, kwa kuwa zege likiwa uji linajitiririkia lenyewe kwenye fomu ya mbao na hakuna anayechoka kulishindilia. Likikauka lina mashimo na nyufa. Hakuna saruji iliyoibiwa. Kila mfuko umeingia. Mwenye nyumba aliyekaa siku nzima kwenye kiti cha plastiki akihesabu mifuko, ili asiibiwe, amehesabu sawasawa na ameibiwa na maji.

Huyo mama akihesabu mifuko kwa sauti, akikunja vidole, huku nyuma yake ndoo ya maji ya nne inamiminwa, ni tukio la dakika tatu lisilohitaji maneno ya fundi hata kidogo. Waliokulia kwenye vichekesho vya Mzee Majuto wanajua uso peke yake unavyoweza kubeba ukumbi.

Nimepita Kiboriloni

Kuhusu simu nitasema kidogo, kwa sababu kila kikundi kinaiweza. "Niko njiani, nimeshapita Kiboriloni" inachekesha Moshi kwa kuwa kila mtu anajua umbali wa kutoka Kiboriloni hadi mjini, na Arusha inageuka "niko hapa Sakina, foleni tu." Kinachosahaulika ni sauti ya nyuma. Fundi anayesema yuko kwenye daladala asikike koleo likikwangua zege, na sauti ya mama mwingine ikimwita, "Fundi, mchanga umeisha!" Rekodi koleo halisi juu ya sakafu halisi, na kokoto kidogo ndani yake. Hakuna sauti ya mdomo inayofanana nayo.

Sauti hiyo ya nyuma ndiyo iliyonifanya niuone mchezo kwa namna nyingine.

Maana ikiwa yuko kwa mama mwingine, basi hajalala nyumbani. Anafanya kazi.

Hesabu ya milioni mbili

Tuseme mwenye nyumba na fundi wamekubaliana milioni 2 za ufundi tu, vifaa mbali: kupandisha kuta, linta, plasta ndani na nje. Fundi anaomba milioni 1 ya kuanzia, anapewa. Laki 4 zinaondoka siku hiyo hiyo, kwani anadaiwa na masaidia wa saiti iliyopita. Laki 6 zinaanza kazi.

Kuta zinapanda haraka. Ukuta ni kazi inayoonekana; jioni mwenye nyumba anakuta kozi nne mpya, anapiga picha, anaituma kwenye kundi la ukoo. Kwenye linta fundi anaomba laki 6 nyingine, na kwa furaha ile ile anapewa.

Zimebaki laki 4. Imebaki plasta.

Plasta ndiyo kazi isiyopigwa picha. Watu watatu, siku 18 za kazi, ni siku 54 za mtu. Laki 4 gawanya kwa 54 unapata shilingi 7,400 na ushee kwa mtu kwa siku, na hapo fundi mwenyewe amejihesabu sawa na mbeba ndoo. Hapati saidia kwa bei hiyo. Akiendelea, anafanya kazi kwa hasara. Akipata mteja mpya wa Pasua au Soweto, mitaa ya hapa Moshi, mwenye advansi, anaweza kumlipa saidia, na huenda hata akarudi kukumalizia plasta kwa hela ya huyo mpya.

Kwa hiyo fundi anayetoweka mara nyingi hajakimbia hela. Ameifuata ilipo, na aliyeipanga ikae mbele ya kazi badala ya nyuma yake ni mwenye nyumba.

Hapa ndipo mashaka yangu yalipogeuka. Nilikuwa nauona mchezo kama hadithi ya mjanja mmoja na wahanga wengi. Ukiuandika kutokana na hesabu hii, jukwaa linakuwa na nyumba tatu: ya mama wa kanisani, ya mwalimu mstaafu, na ya kijana aliyeko Dar es Salaam asiyeonekana ila kwa simu. Kila mmoja analipia plasta ya mwenzake bila kujua. Na kati ya nyumba hizo tatu inazunguka toroli moja.

Toroli hiyo ndiyo ningeipa jina la kwanza kwenye orodha ya wahusika. Ipakwe mpini mwekundu, gurudumu lilie, mtu aisikie kabla hajaiona. Pamoja nayo izunguke mirunda, zile nguzo za miti. Kila fundi anajua mirunda iliyoshikilia fomu ya linta haitakiwi kuondolewa kabla zege halijapata nguvu. Kwa linta fupi subira ni wiki moja hadi mbili, na siku zote hizo limwagiliwe maji. Lakini mirunda ni hiyo hiyo, na mama wa kanisani naye anataka linta. Jukwaani saidia anachomoa mrunda mmoja kwa mwalimu, anausikiliza ukuta, anachomoa wa pili. Watazamaji hawatapumua. Hapo hamhitaji ukuta uanguke kweli, na ninawasihi msijaribu: kwenye kumbi zetu hakuna mitambo ya juu ya kushikilia kamba, na fremu ya mbao na turubai ikianguka inaweza kumuumiza mtu. Wekeni mhimili nyuma na mfuko wa mchanga juu ya mguu wake. Hofu inatosha.

Desemba

Mchezo wa fundi ukichezwa Dodoma unahitaji kutafutiwa saa. Kilimanjaro saa ipo: Krismasi. Watu wanapanda kutoka Dar na kwingineko kuja Kibosho, Machame, Marangu, Rombo, na nyumba ya kihamba, shamba la ukoo, lazima iwe na rangi, kwani ndugu watakuja kuketi na kuikagua huku wakinywa mbege, pombe ya ndizi.

Fundi anapomwambia kijana wa Dar mwanzoni mwa Desemba, "Krismasi unalala ndani, mangi," tunacheka kwa kuwa tunamjua. Lakini hesabu inachekesha zaidi. Rangi nayo inataka wiki yake, kwa hiyo ianze tarehe 17. Plasta inatakiwa ikae karibu siku 28 kabla ya rangi, la sivyo unyevu unatoka na rangi inafura na kubanduka. Hiyo inaturudisha tarehe 19 Novemba, plasta iwe imeshaisha. Kuipiga kunachukua wiki mbili na zaidi, basi ianze mwanzoni mwa Novemba, chini ya bati, maana vuli inanyesha. Siku kijana anatuma hela ya plasta, Krismasi yake ilishapita. Fundi anajua. Anamwambia ndiyo kwa sababu kijana hajauliza swali, ameomba kufarijiwa.

Kama kikundi kina kalenda ya ukutani ya kuning'iniza jukwaani, ining'inie hapa. Saidia achane karatasi moja moja.

Mwenye nyumba naye

Mhusika aliyeandikwa vibaya kuliko wote katika michezo hii ni mwenye nyumba, kwa sababu anaandikwa kama malaika aliyedhulumiwa. Mpeni dhambi zake. Aongeze choo cha ndani baada ya jamvi kumwagwa, na asitegemee kuongeza hela. Anunue tofali za bei ya chini bila kuuliza zimetokaje: mfuko mmoja wa saruji ukitoa tofali 30 hadi 35 za inchi 6, ni tofali, ukilazimishwa utoe 60, ni mchanga uliokaushwa kwa adabu, na kona zake zinamong'onyoka ukizipitisha kidole. Aagize nondo za milimita 12, halafu dukani akubali za 10 kwa kuwa "si ni chuma tu." Asiandikishiane kitu na fundi kwa kuwa wanasali pamoja.

Kwenye miradi mikubwa mkandarasi hulipwa kwa hatua iliyokwisha kukaguliwa, na sehemu ndogo ya malipo huzuiliwa hadi kipindi cha kuonekana kasoro kipite. Hakuna linalozuia nyumba ya vyumba vitatu kwenda hivyo: sehemu baada ya kuta, sehemu baada ya linta kuvuliwa fomu, fungu nono baada ya plasta, na kidogo kibaki hadi mvua ya kwanza ipige bati. Najua, mkifanya hivyo mchezo unaisha tukio la pili. Basi mwalimu mstaafu ajaribu, aandike mkataba kwa kalamu nyekundu, halafu mke wake amlipe fundi pembeni kwa huruma.

Saidia

Wahusika wakigawanywa, kila mtu anataka kuwa fundi. Mpeni mwigizaji wenu bora nafasi ya saidia. Ndiye anayesukuma toroli kwenye nyumba zote tatu, ndiye anayejua plasta ya nani imelipwa na nani, ndiye anayemwaga ile ndoo ya nne, na hakuna anayemuuliza chochote zaidi ya "Sawa?" Asiwe mjinga. Akiziba mpira kwa kidole kwa bahati mbaya, tunapata kicheko kimoja. Akiwa hajalipwa wiki mbili, akamwangalia fundi, akamwangalia mama, kisha akakirudisha kidole taratibu na kusema "Sawa, mangi," mchezo umepata mgongo.

Kisha mwalikeni mwashi wa kweli aje mazoezini mara moja, akae, aangalie mikono na miili tu, maneno ayaache. Atawaambia koleo linashikwaje na ndoo inabebwa upande gani. Msimwite Jumamosi jioni, ndiyo siku ya malipo saiti na hatakuja hata akisema amepita Kiboriloni. Jumapili baada ya ibada anapatikana. Na hela yake mpeni akimaliza.